Mjomba, niuze vyerehani nichangie kontena la wifi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanza, maeneo ya Mabatini. Nina mume na watoto watatu. Ufundi nimeurithi kwa mama, na marehemu baba alifanya kazi kiwanda cha nguo hapahapa mjini mpaka walipopunguza watu, kwa hiyo mimi nimekulia kwenye kitambaa. Nina vyerehani vinne, kimoja cha umeme, na ovaloki moja niliyoinunua kwa hela ya kudunduliza. Wasichana wawili wananisaidia, mmoja fundi kamili, mwingine bado anajifunza.

Mjomba, kazi imekufa. Zamani ikifika Novemba nilikuwa silali kwa ajili ya sare za shule. Kuna mwenye duka la sare pale mjini alikuwa ananipa mashati na sketi kwa mafungu, nashona mpaka shule zinafunguliwa. Mwaka juzi akaniambia shati langu la elfu kumi na mbili haliuziki tena, yeye anapata ya China kwa jumla elfu saba, yamekunjwa vizuri kwenye nailoni, kola ngumu, na lebo juu. Nikapiga hesabu mbele yake: kitambaa, uzi, vifungo, kola. Kwa elfu saba nabaki na hela ya chai. Akaniambia, "Dada, hata mimi sipendi, lakini mzazi akiingia dukani anauliza bei, haulizi nani kashona."

Magauni ndiyo usiseme. Gauni la dukani elfu kumi na tano limekamilika. Mshono wangu peke yake ni elfu ishirini na tano, na mteja bado hajanunua kitambaa. Asiyetaka la dukani anashuka Mlango Mmoja kwenye mitumba, anapata la elfu nne. Wanaonijia siku hizi ni wa "fundi nipunguzie urefu", "fundi nibanie kiuno", "fundi kwapani linanibana, niongezee". Nawatoza elfu mbili, elfu tatu, hela ya mboga. Na Mjomba nikuambie ukweli, nafanya kwa hasira, maana ni nguo ileile iliyoninyang'anya mteja.

Sasa kuna wifi yangu, dada wa mume wangu, yuko Dar, ana fremu Kariakoo. Anaagiza mzigo Guangzhou kupitia wakala, wanachangia kontena watu kadhaa. Kila siku ananitumia picha WhatsApp: gauni zuri, rangi zote, dola tatu na nusu. "Elfu tisa tu, wifi, ukilifikisha Mwanza unauza elfu kumi na tano mpaka ishirini!" Anataka niweke milioni nne kwenye mzigo ujao. Mume wangu amekolea kuliko hata dada yake. Mpango wao ni niuze vyerehani vitatu na ovaloki, nikope kikoba milioni mbili, halafu nigeuze kibanda changu kiwe duka la nguo za kike. Anasema ufundi ni kazi iliyopitwa na wakati, dunia imeshakuwa kijiji. Nikimuuliza maswali anasema naogopa maendeleo. Wifi naye ameanza kuninunia, anasema nawaona wao hawana akili.

Naomba uniambie, niingie au nisiingie? Halafu kuna jambo linaniuma zaidi. Huku kwetu kila msimu tunaona malori yamesheheni pamba kutoka Simiyu na Shinyanga. Pamba inaondoka, kisha kitenge kinarudi kina maandishi ya Kichina pembeni. Kuna akili gani hapo? Kwa nini serikali isizuie hizi nguo za nje tukapumua?

Yule binti anayejifunza nimeshamwambia ajiandae kurudi kwao, sina cha kumpa.

Fundi wa Mabatini, Mwanza

* * *

Marahaba mwanangu.

Ovaloki usiuze. Hilo shika hata kama mengine yote nitakayosema hutayakubali.

Tuanze na hiyo elfu tisa, maana naona ndiyo iliyowalevya watu wawili nyumbani kwako. Dola tatu na nusu ni bei ya gauni likiwa limetundikwa kwenye kibanda cha muuzaji Guangzhou. Hapo bado halijafungwa, halijapelekwa ghala la wakala, halijapanda meli. Tuseme likifika bandari ya Dar pamoja na nauli na bima lina thamani ya shilingi 10,000. Nguo mpya zilizokwisha kushonwa zinatozwa ushuru wa forodha asilimia 35; ndicho kiwango cha pamoja cha Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu Julai 2022, kabla ya hapo kilikuwa 25. Hiyo ni 3,500. Halafu VAT asilimia 18, na inahesabiwa juu ya thamani pamoja na ushuru, yaani juu ya 13,500. Hiyo ni 2,430. Jumla 15,930. Sijaweka tozo ndogondogo, gharama za bandari, ya wakala, nauli ya mzigo kutoka Dar mpaka Mwanza, pango, wala mfuko wa kumfungia mteja. Na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba Mwanza gauni la dukani ni elfu kumi na tano.

Utasema, Mjomba, mbona wanaouza wapo na wananenepa? Wapo. Kuna mkubwa anayeagiza maelfu moja kwa moja kiwandani, kwa bei ambayo wifi yako hatumiwi picha yake. Huyo faida yake kwa gauni ni ndogo sana, lakini magauni ni mengi. Na kuna anayeandika forodhani thamani ya uongo, au karatasi zake zinasema kitu kimoja na kontena limebeba kingine. Mzigo wa kuchangia mara nyingi mnatajiwa bei moja kwa mita ya ujazo, "ushuru umo humohumo". Muulize wifi swali dogo tu: mzigo ukitoka, utapata karatasi gani ya forodha yenye jina lako? Kama jibu ni "hayo mambo wakala anamaliza", basi siku maofisa wa kodi wakiingia dukani kwako Mabatini wakauliza mzigo umelipiwa wapi, wakala atakuwa Dar na simu yake haipatikani.

Sisemi kwa kukutisha. Mei 2023 Kariakoo ilifungwa maduka kwa sababu hizohizo: kikosi kazi cha TRA, yaani mamlaka ya mapato, kamatakamata, risiti, usajili wa stoo. Ikabidi Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, aende kuwasikiliza pale Mnazi Mmoja. Juni 2024 wakafunga tena. Mwenye mtaji wake alifunga duka, akaenda kulala. Mwenye marejesho ya kikoba kila Jumamosi halali.

Na kikoba kinakukopesha shilingi, China wanataka dola. Mwanzoni mwa 2023 dola ilikuwa kama shilingi 2,300. Kufikia katikati ya 2024 ilishapita 2,600, na kabla ya hapo kuna miezi ulikuwa ukienda benki unaambiwa dola hakuna, zungukazunguka. Nauli ya meli nayo ina mambo yake. Wakati wa Korona, mwaka 2021, nauli ya kontena kutoka Asia ilipanda mara kadhaa ya ile ya kawaida, na waliokuwa wameshalipia mzigo waliambiwa waongeze au wasubiri. Katika mnyororo mrefu namna hii, kila mmoja aliyeko juu ana namna ya kumsukumia gharama aliye chini yake. Kiwanda kinamsukumia wakala, wakala anamsukumia wifi, wifi atakusukumia wewe. Wewe utamsukumia nani? Mteja wa Mabatini ameshasema ana elfu kumi na tano.

Mume wako anasema dunia imekuwa kijiji. Sawa. Ila nimekulia kijijini, na kijijini kuna mwenye ng'ombe mia na kuna mwenye kuku wawili, na ukame ukija hawaulizani habari sawasawa.

Nikimaliza hesabu ya forodha kuna hesabu ya miili. Mzigo wa magauni mia mbili hauji kwa vipimo unavyotaka wewe, unakuja mchanganyiko, na wanakata kwa miili ya kwao. Kilichoandikwa XL ukikivalisha mama wa Kisukuma aliyeshiba kinaishia magotini au kinakwama nyongani. Makubwa yanaisha wiki ya kwanza, madogo yanabaki kwenye henga mpaka yanapauka bega moja kwa jua la mlangoni. Hayo madogo ndiyo faida yako ilimokaa.

Sasa turudi kwenye jambo ulilolipita mbiombio. Umeniambia watu wanakuletea nguo za dukani na za mitumba uzirekebishe, na kwamba unafanya kwa hasira kwa elfu mbili. Mwanangu, nimeuza vitambaa Mtaa wa Uhuru miaka mingi, mafundi nawajua, na ninyi mna kiburi kimoja: kushona ndiyo kazi, kurekebisha ni fadhila. Bei ya elfu mbili umeipanga wewe, Mchina hayumo.

Hebu ligeuze gauni moja la dukani ndani nje uliangalie kifundi. Mshono wa ubavuni umepita ukingoni kabisa, ovaloki ya kiwandani imenyoa kitambaa chote cha ziada, hakuna hata nusu inchi iliyoachwa. Wewe ukishona kitenge unaacha inchi nzima ndani kwa sababu unajua mama huyu mwakani atakuwa na ujauzito au atanenepa. Kiwanda hakiachi, maana nusu inchi mara magauni laki moja ni majora kwa majora ya kitambaa. Kwa hiyo gauni lile haliongezeki kwa kufumua tu. Linahitaji kipande kiingizwe kutoka kwapani hadi kiunoni, kifanane rangi au kitofautiane kwa makusudi, kikae bila kuvuta. Hiyo ni kazi ya fundi kamili, na fundi wa kubahatisha akiigusa nguo imekwisha. Unaitozaje elfu mbili?

Andika bei, uzibandike ukutani, herufi kubwa: kupunguza urefu, kubana, kubadili zipu, kuongeza ubavu, kupunguza bega la koti. Koti kabisa weka bei yake peke yake, maana kufumua bitana la koti la mtumba na kulirudisha wanajua wachache. Mteja aliyenunua gauni elfu kumi na tano atakupa elfu saba likae kama lake, kwa sababu bila hivyo halivaliki na hela yake imepotea. Atalalamika, ndiyo. Mwache alalamike. Kisha nenda Mlango Mmoja asubuhi wakati wanafungua mabelo, ongea na wauzaji watano sita wa makoti na suruali za kiofisi. Waambie mteja akipenda nguo lakini haimtoshi, wamwelekeze kwako, jioni anaichukua, na wao wana chao kidogo. Muuzaji wa mtumba anapoteza wateja kila siku kwa sababu ya kiuno tu.

Ukiliangalia hivyo, kila kontena linaloingia mjini linakuletea kazi. Utaendelea kuchukia, hilo sikukatazi, lakini chukia ukiwa unalipwa.

Kuhusu shati jeupe la shule, hilo limekwenda, liache liende. Shati jeupe ni lilelile Mwanza, Lagos na Lima. Kiwanda kinachoshona laki moja kwa mpigo hutakishinda kwa vyerehani vinne hata ukilala njaa. Lakini angalia kile ambacho kiwanda hakiwezi. Hakiwezi kushona sketi sitini za marinda za rangi ya shule moja binafsi ya Nyegezi, kwa sababu sitini hazikilipi hata kuwasha mashine. Hakiwezi kumhudumia mzazi ambaye mtoto wake amehamia shule wiki ya pili ya Januari na mwalimu amemrudisha nyumbani. Meli kutoka China, pamoja na kusubiri kontena lijae na kutoa mzigo bandarini, unazungumzia mwezi na zaidi. Wewe unazungumzia Ijumaa. Kwa hiyo usirudi kwa yule mwenye duka kugombania mashati. Nenda shuleni, kwa walimu wakuu wa shule ndogo zenye sare za peke yake, sasa hivi kabla ya mitihani, ukiwa na sketi moja ya mfano mkononi. Ahadi yako iwe mambo mawili: saizi yoyote kwa siku tatu, na marekebisho ya bure mwaka mzima. Mchina hawezi kuahidi hilo, na mwenye duka pia hawezi.

Na sare za sendoff mbona hukuzitaja kabisa? Au Mabatini hamwoi siku hizi? Wanawake thelathini, kamati ya mashangazi wasiokubaliana hata mtandio, kitambaa kimechaguliwa wiki mbili kabla, mmoja mnene, mmoja ana kifua, mmoja amejifungua juzi, na wote wanataka mshono tofauti wa kitambaa kimoja. Hakuna kiwanda duniani kitakachoipokea oda hiyo. Ndugu zangu mafundi wengi wanaikosa kwa sababu moja tu, kutotimiza ahadi. Shughuli ni Jumamosi, nguo zinatoka Jumamosi saa kumi jioni, na zipu moja imekataa. Ukisikika mjini kwamba sare zako zinatoka Alhamisi, utachagua kazi. Chukua nusu ya malipo kabla hujatia mkasi, na ukipokea hela ya kitambaa usinunulie unga.

Mtaji nao usianzie kikoba. Halmashauri zinatenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi, nne wanawake, nne vijana, mbili watu wenye ulemavu, na haina riba. Ilisimamishwa 2023 kwa sababu ya ubadhirifu, ikarudishwa mwaka uliofuata. Inachosha, makaratasi ni mengi, na itabidi muwe kikundi, lakini mafundi wanawake Mabatini hamkosekani. Mkiwa kikundi kilichosajiliwa kuna mlango mwingine: sheria ya ununuzi wa umma ya 2023 inataka taasisi za serikali zitenge asilimia 30 ya manunuzi yao kwa makundi maalumu, wanawake wakiwemo. Mashuka ya zahanati, mapazia ya ofisi, makoti ya wahudumu, yote hayo ni mishono iliyonyooka. Tenda zinapita kwenye NeST, mfumo wa serikali wa manunuzi ya mtandaoni, na afisa maendeleo ya jamii wa kata yako ndiye wa kuanzia. Nenda asubuhi.

Sasa hilo la kuzuia nguo za nje. Swali lako si la kijinga, marais walijiuliza hilohilo. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana mitumba iondoke ndani ya miaka mitatu. Mwaka 2017 wauza mitumba wa Marekani wakapeleka malalamiko kwao, na serikali yao ikaanza kupitia upya kama nchi hizi zinastahili kuendelea kuuza bidhaa Marekani bila ushuru chini ya mpango wa AGOA. Kenya ilijitoa mapema, ina viwanda vya nguo vinavyotegemea soko hilo na ajira za watu wengi. Tanzania na Uganda nazo zikalegeza. Rwanda peke yake ndiyo iliyokaza. Ilishapandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola mbili na nusu, na Julai 2018 nguo zake zikaondolewa kwenye msamaha ule. Sisi ushuru wa mitumba tumebaki na asilimia 35 au senti 40 kwa kilo, kipi kitakuwa kikubwa.

Kwa hiyo anayekuambia "serikali izuie tu" hajui kwamba hata hilo la kuzuia lina bei, na bei hiyo anaitaja mwingine. Hata Julai 2025 serikali ilipowakataza wageni kufanya aina 15 za biashara ndogo, uchuuzi wa rejareja ukiwamo, wengi Kariakoo walishangilia, na mimi sikuona ubaya. Lakini amri ile ilimgusa anayesimama nyuma ya kaunta. Gauni lililo juu ya kaunta halikubadilika bei.

Tena wewe ni mdogo, huenda mama hakukusimulia. Mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, nguo za nje hazikuwapo na za ndani hazikuwapo pia. Kitenge kilikuwa kinapangiwa foleni kwenye duka la kaya, na mwenye doti tatu za kanga alizificha uvunguni. Mafundi hawakuwa matajiri, kwa sababu hapakuwa na cha kushona. Milango ilipoanza kufunguliwa 1984 watu walishukuru Mungu. Shida ni kwamba viwanda vyetu vilikutwa vimechoka, mashine kuukuu, umeme wa kukatika, madeni. Halafu dunia ikabadilika juu ya vichwa vyao. Nchi tajiri zilikuwa na mgawo, kila nchi inaruhusiwa kuwauzia nguo kiasi fulani tu. China ikaingia Shirika la Biashara Duniani Desemba 2001, na mgawo ule ukafutwa kabisa tarehe 1 Januari 2005. Baada ya hapo bei ya shati duniani inapangwa huko Guangdong na Dhaka. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilifunguliwa 1968 kwa msaada wa Wachina haohao, na hata hicho hakikupona. Marehemu baba yako hakupunguzwa kwa uvivu wake, nataka ulijue hilo.

Na pamba? Sehemu kubwa inatoka ikiwa imechambuliwa mbegu tu, haijasokotwa uzi. Kusokota na kufuma kunataka umeme wa uhakika na mitaji mikubwa, na thamani yote inazaliwa huko. Nakubaliana nawe kwamba inauma. Ila hilo ni la kumwambia mbunge wako. Kibanda chako hakiwezi kulisubiri.

Mume wako usimwambie "sitaki". Mwambie "tujaribu kidogo". Chukua laki tatu, hela ambayo ikipotea mtakula, wifi akununulie Kariakoo, kwa mfanyabiashara wa jumla, magauni machache ambayo yameshatolewa bandarini, kwa risiti. Muyatundike kibandani kwako karibu na cherehani. Uza kwa elfu ishirini na tano na maneno haya: linarekebishwa likukae, ukisubiri nusu saa. Duka la jirani haliwezi kusema hivyo. Yakiisha kabla ya mwezi, nunua tena. Yakigoma, umejua kwa laki tatu badala ya milioni nne, na mume naye ameyaona kwa macho yake.

Wifi mpe kazi ya heshima kuliko hiyo ya picha. Zipu, vifungo, lastiki, bitana, lesi, uzi wa ovaloki: vyote hivyo unavinunua rejareja Mwanza kwa bei ya kuumiza, na vyote vinatoka kulekule China. Akutumie kwa jumla kwa basi, umlipe na faida yake. Vitu hivyo havina saizi, haviozi, havipitwi na fasheni. Mafundi wengine wa Mabatini watakuja kununua kwako kabla hujatangaza. Hapo mtakuwa mnafanya biashara ya nje kweli, na kununa kutaisha akianza kuona hela.

Kuhusu binti: asiondoke kabla ya Januari. Mpe mezani kazi zote za kupunguza urefu na kubadili zipu, mlipe kwa kipande, theluthi ya bei ya ukutani. Fundi mwenzako abaki kwenye sketi za shule. Mbavu za magauni na mabega ya makoti fanya mwenyewe.

Mjomba